Jumatano Hii Nitalikumbuka Goli la Ugenini

Leo ni Jumatatu, Aprili 14, 2025. Kwenye ubao wa kibanda umiza cha mtaani kwetu Tandika, chaki imeandika tangu Ijumaa: "JTANO MADRID v ASENO SAA 4 USIKU 1000/=". Siku nyingine kiingilio ni mia tano. Mwenye banda ni mzee wa biashara. Mechi ya kwanza aliacha bei ileile, watu wakafurika mpaka wengine tukaishuhudia frikiki ya pili ya Declan Rice tukiwa mlangoni, bega moja ndani, bega jingine likilowa mvua ya masika. Safari hii kapandisha, na sijasikia mtu akinung'unika.

Arsenal 3, Real Madrid 0, mechi ya kwanza ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Emirates, uwanja wetu wa London, Aprili 8, 2025. Rice dakika ya 58, Rice tena ya 70, Mikel Merino ya 75 kwa pasi ya yule mtoto Lewis-Skelly. Mtu aliyecheza mechi zaidi ya 300 bila kufunga hata frikiki moja ya moja kwa moja, anazifunga mbili ndani ya dakika 12, na golini yupo Courtois. Ya kwanza ilizunguka ukuta, ya pili ikaenda kukaa kwenye engo ya juu. (Mkeka wangu wa siku ile nilikuwa nimempa Madrid. Tuliache hilo.)

Kwa matokeo hayo ningetakiwa kutembea kifua mbele wiki nzima. Badala yake nahesabu. Nahesabu kwenye daladala, nahesabu nikinyoa ndevu. Juzi mke wangu kaniuliza hela ya gesi nikamjibu, "Nne moja tunakwenda dakika thelathini." Keshokutwa Arsenal wanashuka Bernabéu, uwanja wa Madrid, kwa marudiano, na mimi sina uhakika hata chembe kwamba mabao matatu yanatosha.

Shabiki wa Arsenal ni mtu wa mashaka, hilo halina ubishi. Lakini mashaka yangu safari hii yana jina. Ni goli la ugenini, lile lililokuwa likihesabiwa zaidi timu zikitoshana kwa jumla ya mabao ya mechi mbili. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walilifuta Juni 24, 2021, nikashangilia kama mtu aliyesikia mdeni wake kakamatwa. Leo ndiyo ningelitaka.

Tufanye hesabu kwa sauti. Chini ya sheria ya zamani, Arsenal wakifunga goli moja tu Bernabéu, Madrid wanahitaji matano. Manne hayatoshi, kwa sababu 4-1 inafanya jumla iwe 4-4 na sisi tunapita kwa goli la ugenini. Chini ya sheria ya sasa, 4-1 inatupeleka dakika 30 za nyongeza, uwanja uleule, kelele zilezile, miguu ikiwa imechoka. Yaani goli la winga wetu Bukayo Saka ambalo zamani lingekuwa kufuli, sasa ni komeo. Mlango umefungwa, ndiyo, lakini mwenye mkono mwembamba anapenyeza vidole na kufungua.

Uchungu wake ni kwamba sheria hiyo imenitesa mimi kuliko watu wengi ninaowafahamu. Machi 2013 Arsenal walikwenda Munich wakiwa wamefungwa 3-1 nyumbani. Giroud kafunga dakika ya 3, Koscielny dakika ya 86, mbili bila kwenye uwanja wa Bayern, timu iliyokuja kuchukua kombe msimu uleule. Jumla 3-3. Tukatoka. Miaka miwili baadaye, Machi 2015, Monaco: 3-1 nyumbani, 2-0 kwao, jumla 3-3, tukatoka. Matokeo yaleyale kama vile mtu kayanakili. Ile ya Monaco bado inaniuma kwa sababu mechi ya kwanza, dakika ya 91, Oxlade-Chamberlain alikuwa amefanya iwe 2-1 na bandani tukakumbatiana. Badala ya kutulia tukaenda kutafuta la kusawazisha, dakika ya 94 Carrasco akatuandikia la tatu.

Februari 2020 ikaja Olympiacos, Ligi ya Europa. Tulishinda 1-0 Ugiriki. Marudiano London wakatufunga moja, tukaingia muda wa nyongeza, Aubameyang kasawazisha kwa mkasi dakika ya 113, watu wakaanza kukunja viti. Dakika moja kabla ya 120, El Arabi akafunga. Na hapo ndipo uonevu wa sheria ile ulipoonekana wazi: mgeni alikuwa anapewa nusu saa zaidi ya kutafuta goli linalohesabiwa zaidi, mwenyeji wa marudiano hapewi kitu.

Ukitoka Arsenal uje Msimbazi, hadithi ni ileile. Oktoba 2021, miezi michache baada ya UEFA kuifuta, Simba yangu iliifunga Jwaneng Galaxy 2-0 kwao Botswana. Tukaenda Kwa Mkapa kupiga picha. Tukatangulia kufunga. Tukafungwa matatu, la mwisho dakika za lala salama. Jumla 3-3, nje. Oktoba 2023 tukatoka sare 2-2 na Al Ahly hapa, 1-1 Cairo, nje, bila kufungwa mechi hata moja. CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, hawajaifuta sheria. Shemeji yangu, ambaye ni Yanga kindakindaki na kwa bahati mbaya ni Madrid pia, alinicheka mwaka 2021 mpaka akaishiwa pumzi. Juni 2023 akalia yeye: fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga wamefungwa 2-1 Dar, wakaenda Algiers wakaifunga USM Alger 1-0 kwake, kombe likabaki Algeria. Timu ya Tanzania imeshinda ugenini kwenye fainali ya Afrika, na ikarudi na medali za fedha. Sheria hiyo ina deni kwa kila upande wa nchi hii.

Ilikotoka, nia ilikuwa njema. Ilianza msimu wa 1965/66 kwenye Kombe la Washindi la Ulaya, na wa kwanza kuvuka kwayo walikuwa Honvéd ya Hungaria mbele ya Dukla Prague. Kabla ya hapo timu zikitoshana zilicheza mechi ya tatu uwanja wa watu wengine, na zikitoshana tena, bahati nasibu ya kurusha kidude cha pande mbili. Liverpool waliitoa Köln kwa njia hiyo mwaka 1965 pale Rotterdam, na husimuliwa kwamba kile kidude kiliporushwa mara ya kwanza kilichimbia kwenye tope kikasimama wima, ikabidi kirushwe upya. Ukilinganisha na upuuzi huo, goli la ugenini lilikuwa akili. Siku hizo kusafiri kulikuwa shida, viwanja havifanani, waamuzi wanaogopa majukwaa, na mgeni alikuwa anakwenda kujilinda tu. Ukimpa zawadi akifunga, atashambulia.

UEFA walipoifuta walitoa takwimu zao. Katikati ya miaka ya 1970 mwenyeji alikuwa anashinda asilimia 61 ya mechi na mgeni 19. Ilipofika 2021 ilikuwa 47 kwa 30. Mabao ya mwenyeji yalishuka kutoka wastani wa 2.02 kwa mechi hadi 1.58, ya mgeni yakapanda kutoka 0.95 hadi 1.15. Ugenini umepungua ukali. Tena, wakasema, sheria imegeuka kinyume cha nia yake: anayeogopa sasa ni mwenyeji wa mechi ya kwanza, hataki kufungwa hata moja, anacheza kwa kujibana.

Nadhani kwa hilo walikuwa sahihi, na ushahidi wangu ni Emirates ya wiki iliyopita. Mikel Arteta ni kocha anayehesabu pumzi. Kwa sheria ya zamani, ukiongoza 1-0 dhidi ya timu yenye Mbappé na Vinícius, kisha 2-0, naamini angevuta breki. Goli moja la Madrid lingekuwa msiba. Lakini baada ya 2-0 Arsenal waliendelea kumiminika, ndiyo maana lipo la tatu. Kwa hiyo nikubali jambo moja ambalo shemeji asilisikie: hilo bao la tatu ninalolibeba kwenda Madrid kama mtaji, huenda nimelipata kwa sababu sheria haipo. Na sasa nataka sheria irudi inilindie mali niliyoipata kwa kufutwa kwake. Binadamu ana tamaa.

Wiki iliyopita niliziishi sheria zote mbili ndani ya saa 24. Jumanne usiku Arsenal, Jumatano Aprili 9 Simba na Al Masry Kwa Mkapa, robo fainali ya Shirikisho. Misri tulifungwa 2-0. Nilikuwa jukwaani, sauti imekauka tangu usiku wa jana yake. Mpanzu kafunga, Mukwala kafunga, kabla ya mapumziko tumeshawafikia. Kuanzia hapo ndipo nikakumbuka goli la ugenini lilivyo. Kila Waarabu walipovuka mstari wa kati, jukwaa zima linameza mate. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa na rozari mkononi na kofia ya Simba kichwani, na kila kona yao alikuwa anafumba macho. Maana wakifunga moja tu, tunahitaji manne. Nusu saa ya mwisho hatukushangilia mpira, tulikuwa tunaulinda usije kwetu. Ikaisha 2-0, CAF hawana dakika za nyongeza hapo, ni matuta ya penalti moja kwa moja, tukashinda 4-1, na kipa wetu Moussa Camara angegombea udiwani jioni ile angepita bila kupingwa.

Sasa fikiria upande wa pili wa usiku ule. Al Masry walikuja Dar na mtaji, kama Arsenal wanavyokwenda Madrid na mtaji. Walikuwa na sheria ya kuwalinda, na bado ndani ya kipindi kimoja mtaji wote ulikuwa umeliwa. "Kwa Mkapa hatoki mtu" ni msemo wetu, tunauimba mpaka watoto wanaujua. Jumatano mimi ndiye yule asiyetakiwa kutoka.

Madrid wana msemo wao. Juanito, winga wao wa jezi namba 7 wa miaka ya 1980, aliwaambia wachezaji wa Inter kwa Kiitaliano cha kubabaisha kwamba dakika tisini Bernabéu ni ndefu mno. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1992, na mpaka leo dakika ya 7 mashabiki wanaimba jina lake. Sifa hiyo hawakuipata kwa maneno. Derby County waliwafunga 4-1 mwaka 1975, wakajibiwa 5-1. Anderlecht waliwafunga 3-0, wakajibiwa 6-1. Desemba 1985 Borussia Mönchengladbach walikuja na ushindi wa 5-1, wakafungwa 4-0. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu usiku: ile ya Mönchengladbach, ambayo Madrid wanaisimulia kama muujiza, jumla ilikuwa 5-5. Walipita kwa goli la ugenini.

Halafu mwaka 2022 ikawa kinyume. Nusu fainali, Manchester City wameshinda 4-3 kwao, Bernabéu wanaongoza moja mpaka dakika ya 90. Rodrygo akafunga mbili ndani ya dakika mbili. Kwa sheria ya zamani Madrid wangekuwa wameshapita hapohapo, kwa yale matatu ya Manchester. Sheria mpya iliwapa City nusu saa ya kujiokoa, na wakashindwa kuitumia. Benzema akapiga penalti ya dakika ya 95. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kufutwa kwa sheria kunamsaidia mwenye kufuata nyuma, namwambia inategemea nani kachoka.

Wala kufuli lenyewe halikuwa kufuli siku zote. Machi 2017 PSG walikwenda Barcelona na mtaji wa 4-0. Cavani akafunga dakika ya 62, kwa sheria ile Barcelona wakawa wanahitaji sita. Mpaka dakika ya 87 walikuwa na matatu. Wakamaliza na sita. Barcelona haohao wakaenda Roma 2018 na 4-1 mkononi, wakafungwa 3-0. Wakaenda Anfield 2019 na 3-0, mtaji uleule nilionao mimi sasa, wakafungwa 4-0, la mwisho kona ya haraka ambayo mabeki wao walikuwa bado wanajipanga. Nimeiangalia ile kona mara tatu wiki hii. Kinachotisha si Origi aliyefunga. Kinachotisha ni mabeki walioupa mpira mgongo, watu waliokuwa wanasubiri mechi iishe.

Ndiyo maana sitaki Arsenal waende kusubiri. Kupaki basi kwa dakika tisini Bernabéu, paa limefungwa kelele zinarudi chini, ni kukaribisha wazimu. Silaha yetu ipo kulia. Vinícius na Mbappé hawapendi kurudi kukaba, Alaba aliteseka kule London, na Camavinga, ambaye angeweza kuziba upande huo, ana kadi nyekundu ya dakika za mwisho za mechi ya kwanza. Saka ndiyo kwanza katoka kwenye jeraha la msuli wa paja, karejea mapema mwezi huu, na mtu aliyekaa nje muda mrefu huwa na njaa. Apewe mpira miguuni, Madrid walazimike kugeuka na kukimbilia goli lao. Hofu yangu ni nyuma: Gabriel yupo nje mpaka msimu uishe, na Jakub Kiwior, aliyecheza kwa utulivu Emirates, hajawahi kuwa na usiku kama huu. Mipira ya juu dakika kumi za kwanza itamwelekea yeye. Ancelotti, kocha wa Madrid, si mjinga.

Mbappé jana amepewa nyekundu pale Alavés. Watu wa vijiweni wakashangilia, nikawakumbusha ile ni La Liga, ligi ya Hispania. Jumatano yupo.

Tumeshawahi kushinda pale. Februari 21, 2006, Henry aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawapita Ronaldo yule wa Brazil na wengine watatu, akapiga kwa guu la kushoto, Casillas akabaki anaangalia. Arsenal wakawa timu ya kwanza ya Uingereza kushinda Bernabéu. Mechi zilikuwa zinaanza saa 5 kasorobo usiku kwetu. Nilikuwa shuleni, nilitoroka bweni, nikachapwa kesho yake, na sijawahi kujuta. Tulikwenda pale bila mtaji, tukacheza kama watu wasio na cha kupoteza. Tofauti ya sasa ni kwamba kipo.

Kanuni ya UEFA inawapa mashabiki wa ugenini asilimia 5 ya viti. Wanapangwa juu kabisa kwenye kona, sauti yao utaisikia tu wengine wakinyamaza. Bandani kwetu itakuwa hivyohivyo. London na Madrid kote ni mbali sawa kutoka Tandika, runinga ni ileile, lakini Jumatano viti vya mbele ni vya Madrid. Shemeji kashawapangia watu wake, na sisi tunapelekwa nyuma kwenye mabenchi ya mbao, karibu na mlango unaovuja. Wiki iliyopita ilikuwa kinyume. Hakuna aliyetangaza utaratibu huo, watu wanaujua tu. "Shem," kaniambia jana akinipigia, "tatu si mzigo." Nikamwambia mbona anapiga simu saa hizi kama si mzigo.

Leo jioni nimepitia bandani kulipa mapema. Mzee alikuwa amechuchumaa kwenye jenereta, maana masika haya umeme hauna ahadi. Kaniuliza bila kuinua kichwa, "Hivi mwanangu, hii mechi ina zile dakika za nyongeza?"

Nikamwambia, "Zipo ikiwa Madrid watashinda kwa tofauti ya matatu kamili, mzee."

"Tatu bila?"

"Tatu bila, au nne moja, au tano mbili. Zamani ilikuwa tatu bila tu."

Akanyamaza, akatikisa kidumu cha petroli kusikiliza kilichobaki ndani. "Sasa hizo njia zote nani kaziongeza?" Nikamwambia ni UEFA. Akatikisa tena kile kidumu, akamwita mjukuu wake, akampa elfu kumi aende sheli akaongeze.